Mshahara wa Mwezi, Maisha ya Mwaka

Katika orodha ya mada za insha na midahalo ambazo walimu wa Kiswahili huwapa wanafunzi, mada ya bajeti ya nyumbani haikosekani. Mwanafunzi huulizwa kama familia ya tabaka la kati yaweza kuishi kwa raha kwa bajeti ya mwezi, naye, akijua anachotarajiwa kusema, huandika kwamba yaweza, madhali baba hanywi pombe, mama hanunui kitenge kila wiki, na watoto hawachezei sabuni. Kisha hupamba hitimisho lake kwa methali mbili: haba na haba hujaza kibaba, akiba haiozi. Aghalabu hupewa alama nzuri. Sisi twasema kwamba jibu hilo si la kweli; kwamba upungufu wake si wa hesabu tu bali ni wa maadili pia, kwa kuwa humtwika mwenye nyumba lawama isiyo yake; na kwamba mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda ndiye mtu wa mwisho anayefaa kulifundisha, maana maisha yake mwenyewe hulikanusha kila mwezi.

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yetu. Neno mshahara tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni shahr, yaani mwezi. Mwezi basi umo ndani ya neno lenyewe. Posho ni neno la namna nyingine. Hilo lilikuwa ni chakula, au fedha ya chakula, aliyopewa mpagazi, askari au kibarua ili apate nguvu ya kuamka kesho na kufanya kazi tena. Hapa Uganda neno hilo limekwenda mbali zaidi, hata likawa jina la chakula chenyewe, ule ugali wa mahindi upikwao katika kila shule ya bweni. Posho humweka mtu hai. Mshahara hutarajiwa kumweka mtu, pamoja na watu wake, katika heshima. Malalamiko yetu yote yaweza kusemwa kwa sentensi moja: kile anachopewa mwalimu kimerudi kuwa posho, lakini kingali kikiitwa mshahara.

Kadhalika neno raha lataka kupimwa kabla ya kutumiwa. Hatusemi habari za anasa. Hatudai gari, wala zulia, wala safari za mapumziko. Waswahili humwita mtu anayejiweza kuwa ni mwenye nafasi, na msemo huo u karibu sana na maana tunayoitaka. Familia yenye raha ni ile iliyo na nafasi kati ya kipato chake na mahitaji yake: mtoto akishikwa na homa usiku apelekwe kwa daktari bila baba kugonga kwanza milango ya majirani, muhula ukifunguliwa mtoto aingie darasani siku ile ile waingiayo wenzake, mwalimu akiona riwaya mpya dukani ainunue bila kujiona kwamba amewanyang'anya watoto wake chakula. Hiyo ndiyo raha tunayoijadili. Mshahara usipoleta hata hiyo, basi aupokeaye hayumo katika tabaka la kati, hata akivaa tai kila siku ya juma.

Tabaka lenyewe nalo limepanuliwa mno na watu wa takwimu. Mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa taarifa iliyosema kwamba Waafrika zaidi ya milioni 300, yaani kama theluthi moja ya watu wa bara hili, walikuwa wameingia katika tabaka la kati. Taarifa hiyo ilipokewa kwa shangwe. Walakini kipimo kilichotumiwa kilikuwa matumizi ya dola 2 hadi 20 kwa mtu mmoja kwa siku, na taarifa yenyewe ilieleza kwamba wengi wa watu hao walikuwa katika ngazi ya chini kabisa, ya dola 2 hadi 4, ambako pigo moja tu laweza kumrudisha mtu katika umaskini. Jina linalomweka mwenye mbili na mwenye ishirini katika zizi moja halitufai. Afadhali tutumie kipimo cha jikoni.

Na tupige hesabu basi. Tuichukue familia ya kubuni inayokaa pembezoni mwa Kampala. Baba ana shahada ya ualimu, naye hufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya serikali. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Wana watoto watatu, na bibi mzaa baba anakaa nao. Jumla watu sita. Mwaka 2022 mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya masomo ya sanaa alikuwa akipata shilingi milioni moja na kitu kwa mwezi, na mwalimu wa msingi alikuwa akipata karibu shilingi 500,000. Tusiwapunje, tumpe baba 1,100,000 na mama 500,000. Kwa viwango vya kodi ya mapato vilivyowekwa mwaka 2012, mtu wa ngazi hiyo hukatwa shilingi 25,000, na juu yake asilimia 30 ya kila kinachozidi 410,000. Baba atakatwa 232,000, abaki na 868,000. Mama atakatwa 52,000, abaki na 448,000. Nyumba nzima itapokea shilingi 1,316,000, na twadhani kwamba hawana mkopo wowote unaokatwa kazini, jambo ambalo kwa walimu ni nadra.

Sasa waketi mezani na daftari, kama semina za fedha zinavyoagiza. Makadirio yetu ni ya watu wanaojibana. Kodi ya nyumba ya vyumba vitatu, 350,000. Chakula cha watu sita, kwa shilingi 15,000 kwa siku, 450,000. Hapo pana posho, maharagwe, matoke mara chache, sukari na mafuta, na nyama kwa sikukuu. Makaa, umeme, maji na sabuni, 130,000. Nauli ya walimu wawili kwa siku 22 za kazi, kila mmoja 4,000 kwa siku, 176,000. Simu, 30,000. Sadaka, matanga na michango ya harusi, ambayo mtu hawezi kuikwepa akabaki na jina lake, 50,000. Jumla ni 1,186,000. Zimebaki 130,000. Hapa ndipo mwanafunzi wetu anapoweka kalamu chini kwa furaha: si unaona? Wameishi, na akiba wanayo!

Lakini mwezi ni kalenda ya serikali. Nyumba ina kalenda nyingine, nayo yahesabiwa kwa mihula, kwa misimu na kwa misiba. Serikali hujitahidi kulipa mishahara ifikapo tarehe 28 ya kila mwezi, mara kumi na mbili kwa mwaka, kiasi kile kile. Shule hudai mara tatu kwa mwaka, tena kwa mkupuo. Tuseme mtoto wa kwanza yuko sekondari ya bweni ambayo si ya fahari, karo 900,000 kwa muhula. Wawili wako shule ya msingi ya kutwa ya binafsi, kila mmoja 300,000. Muhula mmoja ni 1,500,000, na mwaka mzima ni 4,500,000, bila ya rimu za karatasi, mifagio na sabuni ambazo mtoto wa bweni huambiwa aje nazo. Akiba ya mwaka mzima, ile 130,000 mara kumi na mbili, ni 1,560,000. Pengo ni shilingi 2,940,000 kwa mwaka, sawa na 245,000 kila mwezi. Na kumbukeni kwamba mpaka hapa hakuna aliyeugua, hakuna aliyenunua shati, bibi hajanunuliwa dawa ya shinikizo la damu, na hakuna aliyefungua kitabu kisichokuwa cha kuazima.

Ni nani mlevi katika nyumba hii? Ni nani mbadhirifu? Daftari limeandikwa vizuri, kila shilingi ina mahali pake, na bado nyumba inazama. Bajeti haijashindwa kufanya kazi yake. Imeifanya kwa uaminifu, maana imetuonyesha kwamba fedha hazitoshi.

Hapo mpinzani wetu atainuka na swali la haki. Atasema: mbona watoto hao wamepelekwa shule za kulipia, hali elimu ya msingi kwa wote ilianzishwa mwaka 1997, na ya sekondari mwaka 2007? Mbona walimu wa serikali hawapeleki watoto wao katika shule wanazofundisha wenyewe? Swali hili lina uchungu, na jibu lake si kiburi cha tabaka. Mwalimu anajua idadi ya watoto waliomo darasani mwake. Anajua vitabu ni vingapi, na wangapi hushinda na njaa kwa kuwa mzazi hakutoa mchango wa chakula cha mchana. Hamlipii mwanawe karo ili aonekane. Anamlipia kwa sababu anayaona kila siku yale ambayo waziri huyasoma katika taarifa. Mambo ya afya yamekwenda vivyo hivyo. Malipo ya wagonjwa katika vituo vya serikali yalifutwa mwaka 2001, lakini mgonjwa huandikiwa dawa ambazo stoo ya kituo haina, akaenda kuzinunua kwenye duka la dawa. Mswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge mwaka 2021, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo familia yetu hulipia shule na hospitali mara mbili: mara ya kwanza kwa zile 284,000 wanazokatwa mume na mke kila mwezi, mara ya pili kwa fedha iliyobaki. Hakuna bajeti ya nyumbani inayoweza kuponya jambo hilo, kwa kuwa ugonjwa wenyewe umo katika bajeti ya taifa.

Tumefika penye kiini cha hoja yetu. Mwezi wa Julai 2022 ulikuwa mwezi wa Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba somo la Kiswahili liwe la lazima katika shule za msingi na sekondari, na tarehe 7 ya mwezi huo dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili iliyotangazwa na UNESCO mwaka uliotangulia. Hotuba zilikuwa nyingi na nzuri. Na mwezi huo huo, mwaka mpya wa fedha ulipoanza, mwalimu wa sayansi mwenye shahada alianza kulipwa shilingi 4,000,000 kwa mwezi. Mwalimu wa Kiswahili, mwenye shahada ya chuo kile kile, iliyosomwa kwa miaka ile ile, anayeingia darasa la pili mlango kwa mlango na mwenzake wa fizikia, alibaki pale alipokuwa. Chama cha walimu kilikuwa kimegoma mwezi wa Juni, wakazungumza na Rais, wakarudi kazini. Mwezi wa Oktoba mfumuko wa bei ulifika asilimia 10.7. Juni 2025 walimu wa masomo ya sanaa waligoma tena, kwa sababu ile ile.

Tuirudie basi ile familia yetu, tusibadilishe kitu ila somo moja. Kodi ya nyumba ibaki ile ile, maharagwe yale yale, watoto wale wale na bibi yule yule. Baba afundishe kemia. Katika milioni nne atakatwa kodi 1,102,000, abaki na 2,898,000. Kipato cha nyumba kitaongezeka kwa 2,030,000 kila mwezi. Pengo la 245,000 litazibika, na juu yake zitabaki 1,785,000, za dawa, za mashati, za vitabu, na za kiwanja kidogo kwa ajili ya uzee. Familia moja, daftari moja, nidhamu moja. Huku imezama, huku ina nafasi. Anayetaka kuamini kwamba raha ya nyumbani hutokana na uangalifu wa mama sokoni aueleze kwanza mfano huu.

Twaijua hoja inayotolewa kuutetea mpango huo. Husemwa kwamba fedha za serikali ni chache, na kwamba sayansi huleta viwanda, dawa na utajiri, kwa hiyo ni halali kuanza na walimu wake. Hatuwaonei wivu wenzetu wa sayansi. Milioni nne si zawadi. Ni mshahara ambao mwalimu yeyote aliyesoma angestahili, na twafurahi kwamba kuna wanaoupata. Lakini hoja yenyewe ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mshahara hulipa kazi na maisha ya mfanyakazi, haulipi matumaini ya serikali juu ya wanafunzi wake. Muuza mchele hamuulizi mteja anafundisha somo gani kabla ya kumpimia. Ya pili ni kwamba serikali ile ile imesema, kwa Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 na kwa uamuzi wa mwaka 2022, kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili na ni somo la lazima. Kitu cha lazima hakiwezi kuwa cha lazima kwa mtoto anayejifunza na cha hiari kwa hazina inayolipa.

Wako pia wanaotuambia tufanye kazi ya pili. Mwalimu, husema, humaliza vipindi mapema; na alime, afuge kuku, afundishe masomo ya ziada, auze duka. Mazoea haya yana historia yake hapa Uganda, na historia hiyo imeandikwa kwa maneno ya Kiswahili. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na biashara zao kugawiwa watu wachache, watu wa nchi hii walijifunza kusema magendo, na matajiri wapya wakaitwa mafuta mingi. Bei zilipanda mpaka mshahara wa mwezi ukawa hauna maana, na mtumishi wa serikali aliishi kwa shamba lake, kwa ndugu zake, au kwa ujanja. Mwaka 1987 noti zilibadilishwa, shilingi mia za zamani zikawa moja, na asilimia 30 ikakatwa juu yake. Sarafu ilitulia baadaye, lakini wazo moja la siku zile halikuondoka, nalo ni kwamba mshahara ni kianzio tu, na kwamba kila mtu anajua pa kutafuta kilichobaki. Hatari ilikuwa ya muda. Mazoea yamekuwa ya kudumu. Sikukuu ya Wafanyakazi ya mwaka 2022, bei ya ngano ilipopanda, Rais aliwashauri wananchi wale muhogo kama mkate umewashinda. Hatuna ugomvi na muhogo, ni chakula chetu na ni kizuri. Tuna ugomvi na desturi ya kumjibu mfanyakazi anayeulizia ujira wake kwa kumpangia chakula.

Na kazi hiyo ya pili haitoki hewani. Inatolewa katika ile ya kwanza. Mwalimu wa Kiswahili anayekimbia kati ya shule tatu kwa bodaboda hawezi kusahihisha insha sitini kama insha zinavyopasa kusahihishwa, neno kwa neno, akimwonyesha mtoto mahali ngeli ilipokatika na mahali sentensi ilipopotea. Atatia alama ya vyema juu na nambari chini. Lugha yetu hapa si lugha ya mama kwa watoto wengi. Huipata kwa mwalimu, au hawaipati kabisa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza, ukitaka mwanafunzi azungumze, atunge, atafiti na kuigiza. Mambo hayo yote yataka mwalimu mwenye saa zake. Kwa hiyo anayesema kwamba ujira wa mwalimu ni shauri la nyumbani kwake anakosea: pengo la 245,000 huzibwa kwa saa zilizoibwa darasani, na anayelipa ni mtoto.

Hoja moja zaidi twaipokea kwa heshima. Wako watakaosema kwamba mkulima wa Teso au wa Kigezi hana hata nusu ya fedha ya mwalimu, na halalamiki. Ni kweli kwamba hana. Lakini aliye chini hatajengwa kwa kumshusha aliye juu yake kidogo. Mkulima huyo humuuza mbuzi wake ili mtoto asome, akitumaini kwamba elimu itamtoa. Akimtazama mwalimu, ambaye ndiye msomi aliye karibu naye kuliko wote, akamkuta na deni katika duka la kijiji, tumaini lake litasimama juu ya nini?

Kwamba mambo yaweza kwenda vingine, twaliona tukitazama upande wa pili wa mipaka yetu. Rwanda, Agosti 2022, iliongeza mshahara wa mwalimu wa msingi mwenye cheti kwa asilimia 88, na wa walimu wenye diploma na shahada kwa asilimia 40, na walimu wake wana chama chao cha akiba na mikopo, Umwalimu SACCO. Tanzania ilifuta karo katika sekondari za kawaida za umma mwaka 2016 na katika kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, na mtumishi wake wa umma ana bima ya afya ambayo yeye na mwajiri huchangia asilimia tatu tatu za mshahara. Hatusemi kwamba walimu wa nchi hizo wanaogelea katika asali. Malalamiko yao twayasikia, na mengi ni ya haki. Twasema tu kwamba mshahara ule ule waweza kuwa mkubwa au mdogo kwa kadiri ya mambo ambayo nchi imekubali kuyabeba kwa pamoja. Karo ikitoka katika daftari la ile familia yetu, pengo lao lageuka akiba bila kuongezewa shilingi. Huo ndio uthibitisho wa mwisho kwamba swali la bajeti ya mwezi si swali la mama na baba peke yao.

Asidhani mtu kwamba twaidharau bajeti. Kuandika matumizi ni jambo jema, na wako walimu waliojiumiza kwa mikopo ya sherehe na simu za fahari. Hao waambiwe ukweli. Methali ya akiba nayo ni ya kweli kwa mwenye cha kuweka. Lakini haba na haba hujaza kibaba pale tu ambapo kibaba hakina tundu, na kazi ya mwalimu ni kumfundisha mtoto kutazama kwanza chini ya kibaba.

Haya basi ndiyo tunayoyataka. Kwanza, mwalimu alipwe kwa shahada yake na kazi yake, si kwa jina la somo lake, na tofauti iliyoanzishwa mwaka 2022 ifungwe kwa kuwapandisha walioachwa chini, si kwa maneno ya subira. Pili, viwango vya kodi ya mapato vifuate bei za sokoni. Viwango vya mwaka 2012 viliachwa vivyo hivyo kwa zaidi ya miaka kumi, na katika muda huo mtu wa 410,000 amegeuka kutoka mwenye nafasi kidogo kuwa maskini, bado akikatwa kama zamani. Tatu, shule na hospitali za umma zitengenezwe mpaka mwalimu aone fahari kumpeleka mwanawe katika darasa analofundisha mwenyewe. Hapo karo itatoka katika daftari bila amri. Nne, na hili li mikononi mwetu wenyewe, tuache kufundisha uchumi wa nyumbani kama somo la toba. Tuwape wanafunzi hesabu ya mwaka mzima, yenye mihula mitatu, ugonjwa mmoja na msiba mmoja. Tuwaache watafute pengo. Kisha tuwaulize, kwa Kiswahili fasaha, ni nani anayepaswa kuliziba. Majibu yao yatakuwa mabaya kwa sarufi na mazuri kwa akili, na sarufi tutairekebisha, maana hiyo ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya.